Kila Dakika Saba

Fundi Mudaki hakunipa kitabu.
Alinipa redio, mgongo wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
akasema: Kageha, sikiliza.
Saa kumi na mbili u nusu, masafa ya kati, matangazo ya vifo.
Familia ya marehemu, wa kijiji cha,
kisha krrrrr, kama bisi kikaangoni,
na jina likaliwa.

Jumamosi ile Jahenda alikuwa ameketi papa hapa,
juu ya jiwe la kuanikia mahindi.
Jina lililoliwa lilikuwa la dada yake.
Habari zilimfikia matanga yameshaanuliwa.

Masafa, alisema fundi, ni mara ngapi wimbi linainuka na kuinama
kabla hujamaliza kutamka "moja".
Desibeli usizihesabu kama shilingi:
ongeza tatu, nguvu imekuwa maradufu;
ongeza kumi, ni mara kumi.
Kila redio ina sakafu yake ya kelele,
mnong'ono ukishuka chini ya sakafu umezama.
Na kila mwingiliano una watu watatu:
chanzo, njia, mwathiriwa.

"Mwathiriwa ni redio," nikasema.
Hakujibu. Alikuwa anatazama jiwe.

Tukatoka, Mbale yote inanuka mvua.
Si kinu cha kusaga, kile hunguruma bila kupumua.
Si Kisia na kuchomelea mageti, leo amefunga.
Mimi nageuza redio huku na huku, natafuta inapolia zaidi.
Mudaki akacheka hadi akakohoa.
Antena ya humo ndani ni fimbo, mwanangu;
ncha yake ikimwelekea mwizi, haimsikii.
Usimfuate kwa kelele. Mfuate kwa kimya.

Nikageuza hadi krrr ikafa,
nikachora mstari vumbini.
Nikapanda mwambani, nikangoja dakika saba, nikageuza tena.
Mistari miwili ikakutana juu ya paa la Adagala.

Kabati la kutotolea. Mayai mia moja na arobaini.
Swichi ya joto, ndogo kama ukucha,
inatema cheche kila inapofumbua midomo.
Cheche haina masafa yake. Inayo yote.

Adagala akasimama mbele ya plagi, mikono kaitanua:
"Mkizima, mnaua. Leo ni siku ya ishirini."
Yai moja lilikuwa linagonga.

Hatukuzima.
Kapasita na rezista mguuni pa swichi, zimeze cheche;
pete ya feraiti shingoni mwa waya,
maana waya mrefu nao ni antena, hata kama hakuna aliyeuajiri;
kisha ardhi: chuma cha futi nne,
tuligonga mwamba mara tatu kabla udongo haujakubali.

Jioni Jahenda alipita, hakuketi.
Majina yalitoka mazima, na baba zao, na vijiji vyao.
La tatu lilimsimamisha. Halikuwa la mtu wake.
Akaenda.

Dakika ya saba, Mudaki akainua kidole.
Tk.
Kadogo, kama ukucha kwenye ganda.
"Haiishi," akasema. "Hupungua tu."
Kwa desibeli ngapi, sijui. Hatukuwa na kipimo.