Alama za Kisigino

Mimi ndiye mwenye ufagio mpana na taulo,
yule anayekimbilia chini ya kikapu mtu akianguka,
afute jasho, achuchumae tena kabla refa hajapuliza.
Watu elfu nane hunitazama. Hakuna anayeniona.

Hapa Hamilton, mji wa chuma, timu inaitwa Nyundo,
na Nyundo zimepigwa mara kumi na moja mfululizo.
Robo ya pili haijaisha, jukwaa la juu linaanza,
kwa lugha yao, lakini sikio langu hutafsiri bila kuombwa:
Afukuzwe! Afukuzwe!
Wanagonga sakafu kwa mabuti yenye theluji,
theluji inayeyuka, inateremka ngazini.
Hiyo nayo ni yangu kuifuta.

Kocha Pavlicek hageuki.
Husimama pale pale, hatua mbili kutoka meza ya saa,
akizungusha kisigino cha kulia kama mtu anayezima sigara,
na soli nyeusi huacha mwezi mwandamo kwenye mbao.
Misimu mitatu nafuta miezi hiyo.
Tukishinda, miwili, mitatu.
Usiku wa Halifax niliihesabu: ishirini na tisa.

Usiku huo huo, zimebaki dakika nne,
alimketisha Whitcombe, nyota, mwenye picha ubavuni mwa mabasi,
tukafungwa kwa pointi mbili.
Wakamtukana kocha mpaka mama yake.
Wao hawakuona kinachoonekana kutoka magotini:
kifundo cha mguu kimeumuka kama andazi,
na kocha kainama, anafungua kamba za kiatu kwa mikono yake.
Waandishi walipomuuliza alijibu, "Uamuzi wangu."
Basi.

Na bado.
Nimemwona pia Jarrell, kijana wa miaka kumi na tisa,
taulo kichwani, mabega yanaruka,
kwa neno alilorushiwa mbele ya wenzake.
Sina dawa ya kulitoa neno lile.
Nimeona watano wale wale, pasi ile ile kona ya kushoto,
wapinzani wameihifadhi kama sala.
Msaidizi wake, Bi Oyelaran, huchora kitu kibaoni, humsogezea,
naye hukitazama
kama aliyeshiba anavyotazama bei za chakula.

Nilikuwa tanuru namba tatu walipotuita kantini,
watu mia mbili na kumi, tukasomewa karatasi.
Msomaji hakuinua macho. Chuma kilikuwa kinatoka kizuri.
Tangu hapo, neno hilo likipita karibu
tumbo hujikunja kabla akili haijauliza:
nani, na kwa kosa gani?
Kwa hiyo msiniamini sana.

Jumamosi mwenye timu, Bi Halloran,
alinikuta kwenye lifti, mimi na ndoo.
"Kikao ni Jumatatu," alisema, kana kwamba anaiambia ndoo.
Akasoma jina kifuani mwangu.
"Shekue. Ungekuwa wewe?"
Ghorofa nne, na lifti yenyewe ya zamani.
Nikakiwaza kifundo. Nikaliwaza taulo.
Kwetu husemwa mbio za sakafuni huishia ukingoni;
hawakusema pale ukingoni nani asimame,
wala kama amdake mtu au ampishe.
Mlango ukafunguka.
"Ningempa Bi Oyelaran kibao," nilisema.
Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake,
nikabaki na mdomo wangu.

Usiku ule, taa zimebaki mbili,
Pavlicek aliingia uwanjani na soksi,
viatu kavishika mkononi.
"Nisikuongezee kazi," alisema.
Alisimama kwenye mstari, akatupa mara kumi,
akapata nne.
Mpira wa mwisho uligonga chuma, ukanijia.
Niliushika kuliko ilivyohitajika.
Nikamrudishia.