Kishungi

Siku ya tatu Kishungi hagusi pumba.
Gole limejaa, gumu kama ngumi ya mtoto.

Mjini wametaja elfu thelathini.
"Kuku mwenyewe elfu kumi na tano!"
jirani kacheka. "Mpike na ndizi, yaishe."

Nikamfunga kitenge, nikaenda naye Kiboriloni
kwa Eliaichi, bwana mifugo mstaafu,
anayetibu barazani,
miwani imefungwa uzi.

Wembe mpya. Mkato mdogo.
Akachomoa nyuzi za katani, pindo la gunia,
halafu kifungo cha shati la marehemu
nilichokitafuta tangu Pasaka.

"Nikulipe nini?"
"Akitaga, mayai mawili."

Asubuhi hii mlima umejifunika. Kishungi anaparua migombani.
Kifungo nimekirudisha mahali pake.
Shati limening'inia, limefungwa mpaka shingoni.