Nyuzi Mbili

Kwetu Frisia ardhi iko chini ya bahari,
na asiyechimba mfereji halali pakavu.
Babu alipofariki wakamwita mpimaji kutoka Sneek,
mtu wa mafua, aliyepima huku akipenga kamasi.
Mfereji huu wa baba, Wobbe.
Mfereji ule wa amu, Tjalling.
Kati yake mita arobaini za majani
na ng'ombe wasiojua mirathi.

Zile mita arobaini hazikuandikwa jina.
Hapo ndipo maneno yalipokatika.

Miaka kumi na tisa kila mmoja anafyeka ukingo wake,
anamwona mwenzake kama mtu aonavyo mvua
inayonyesha shamba la jirani.
Mama aliwaita reli.
"Safari moja," alisema, "na hawagusani mpaka mwisho wa dunia."

Kisha halmashauri ikapitisha njia ya baiskeli,
ikaipitisha upogo juu ya mifereji yote miwili,
kama mtu anayekata mkate huku akitazama dirishani.
Madaraja mawili ya mbao. Mimi nikaiita njia ya shule.
Mwalimu Hoekzema aliiita mkingamo.

Aliandika ubaoni, chaki ikilia:
mistari sambamba ikikatwa na mkingamo
pembe husika ni sawa,
pembe mbadala ni sawa,
na za ndani, upande mmoja, jumla yake mia na themanini.
"Hiske," akasema, "wewe unayesinzia, kaniletee mfano kutoka nje."

Nikabeba kipimapembe cha ubaoni,
kikubwa kama nusu gurudumu la jibini.
Nikapiga goti kwenye daraja la baba: sitini na tatu.
Nikaenda la amu, nikijua jibu kabla ya kupima.
Sitini na moja.
Nikafuta miwani. Mbwa wa amu akaja kunusa kazi yangu.
Sitini na moja.

Nikakaa pale, miguu ikining'inia juu ya magugu,
nikajumlisha za ndani, za upande wa mashariki:
mia na kumi na saba, na sitini na moja.
Mia na sabini na nane.
Nyuzi mbili zimepungua,
na upande zinakopungua
ndiko mistari inakoinamiana.

Hata mafua ya mpimaji yana baraka.

Nikahesabu. Nikachora kwenye ramani kwa penseli iliyochongwa.
Mita elfu moja mia moja na ushee,
mistari ikakutana kwenye nyumba ya pampu,
pale ambapo maji ya baba na maji ya amu
huingia mdomo mmoja kila usiku
na mashine haiulizi haya ni ya nani.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Waliosema hawajawahi kuyasukuma ya kwetu.

Mezani nikasema.
Baba akatazama uma wake.
"Kifaa chako kimepinda."
Viazi hakuvimaliza.

Asubuhi, kutoka dirisha la juu, nikamwona darajani
na kigingi, na kibumba cha uzi.
Na kwenye daraja la pili, amu.
Nani alimwambia? Mama alikuwa akimenya karoti,
hakugeuka.
Viatu vyake mlangoni vilikuwa vimelowa umande
mpaka kwenye kamba.

Mmoja kushoto mwa njia, mmoja kulia,
migongo imeinama kwa kipimo kimoja.
Pembe mbadala, mwalimu. Mfano wako huu.

Baba akafunga uzi kwenye kigingi,
akatembea akiuachia, polepole, kuelekea kwa nduguye.
Ukafika katikati ya majani yasiyo na jina,
ukaisha.
Akasimama ameshika ncha,
hamwiti mtu.

Amu akapapasa mfuko wa koti.