Kuanzia Lini, Mpaka Lini

Jezi nimeirudisha Jumanne, baada ya kipindi cha mwisho,
imefuliwa, imekunjwa, namba kumi na mbili juu,
ndani ya mfuko wa unga wa ngano aliouosha mama.
Mwalimu Singano hakuipokea.
Aliendelea kumwaga chokaa kwenye mstari wa mita sita,
mstari wangu,
akasema bila kuinua kichwa: "Weka hapo kwenye tofali."
Nikaiweka kwenye tofali.

Miaka mitatu nimesimama golini mikono mitupu.
Mpira wa mikono si wa miguu, golikipa havai glovu;
unaupokea kwa kiganja, kwa paja, kwa kidevu,
na siku ya Korogwe niliupokea kwa jino.
Jino lile lingali Korogwe, kwenye changarawe.
Sijapata kulidai.

Bi Shelukindo wa taaluma aliniita ofisini,
feni inazunguka kama inafikiri.
"Hidaya, fomu ya ufadhili inafungwa mwezi wa kumi na mbili.
Nafasi kumi na moja, Afrika Mashariki nzima.
Wenye A ya fizikia wamejaa kama dagaa.
Wale wanatafuta mtu mwenye cha ziada.
Usiache sasa, mwanangu. Kaa benchi tu.
Jina libaki kwenye orodha."
Akanisogezea karatasi, kidole kwenye kisanduku:
Shughuli nje ya darasa. Kuanzia lini. Mpaka lini.

Jina libaki.
Nimelitafuna neno hilo toka Chumbageni hadi Makorora,
nikikokota baiskeli iliyokatika mnyororo,
vidole vyeusi kwa grisi.
Kumbe jina langu lilikwisha kaa benchi kitambo,
tangu mechi ya Muheza,
nilipozuia penati ya mwisho, wenzangu wakanirukia,
nami chini ya jasho lao lote
natunga sentensi:
"Mchezo umenifunza uvumilivu na uongozi."
Penati haijapoa kiganjani,
nimeshaiuza.

Hapo ndipo ulipofia mpira wangu.
Si gotini, kama anavyodhani baba.
Si vitabuni, kama ninavyowaambia majirani,
maana "nasoma" ni jibu lisilozaa swali la pili.
Shangazi Mwanamkuu amefurahi:
mapaja ya mtoto wa kike yameota jua vya kutosha.
Kaka Sechonge ameniita mjinga,
eti nimeshuka ngazi nikiwa nimeshashika dari.

Zubeda wa kidato cha tano hakusema kitu.
Kesho yake nilimwona golini, jezi inamfika magotini,
kila mpira ukija anafumba macho.
Nikataka kumfokea: fumbua! Hauumi sana ukiuona!
Nikanyamaza. Si timu yangu tena.
Halafu nikafoka.
Akafumbua.

Saa kumi ya jioni sasa ni mali yangu
na sijui pa kuiweka.
Miguu inatangulia kuelekea uwanjani
kama punda wa mchota maji, anayejua njia
hata mwenyewe akisinzia.
Naikalisha chini ya meza, naisomea kemia.
Usiku kiganja kinawasha.

Fomu nimeijaza kwa wino, isifutike.
Shughuli: mpira wa mikono, golikipa.
Kuanzia: Januari, kidato cha tatu.
Mpaka: Jumanne.
Sababu ya kuacha. Wametoa mistari minne,
nikatumia mmoja:
"Nilikuwa nimeanza kuucheza kwa ajili yenu."

Bi Shelukindo amesoma mara mbili, akavua miwani,
akauliza kama nina hakika.
Nikamwambia sina.
Akagonga muhuri,
umekaa upande kidogo.