Kijisanduku chenye Taa ya Kijani

Smaranda aliniita ghorofa ya nne.
Lifti imekufa tangu Jumatatu;
nikapanda nikihesabu ngazi kama nilivyohesabu mita
miaka thelathini na mmoja katika mji huu wa Galați,
tochi mdomoni, daftari kwapani,
mbwa wa kila ua wakinijua kwa harufu.

"Njoo uone," alisema, "wewe uliyecheka."

Nyuma ya friji, ukutani,
kijisanduku cheupe, kipande cha sabuni ya kufulia,
kimechomekwa kwenye soketi,
taa yake ya kijani inatazama bila kupepesa.
Kijana aliyevaa tai alikileta Novemba:
lei mia moja na tisini, na ukichukua viwili unapunguziwa.
Alikuwa na karatasi, na juu yake mstari mwekundu
unaoteremka kama mtoto kwenye kigari cha theluji.
Kizuri chajiuza, nilisema siku ile,
kibaya chajitembeza, na hiki kimepanda ngazi themanini.
Mumewe, Pantelimon, alicheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi tukanyamaza.

Cha shemeji yangu nilikifungua kwa bisibisi.
Ndani: kapasita moja, ya manjano, kama punje ya hindi,
taa, nyaya mbili,
na bonge la saruji lililogandishwa kwa gundi
ili mkono wa mnunuzi uhisi uzito.
Saruji ndiyo iliyonichoma.
Mtu fulani alikaa mahali fulani akafikiri: watie saruji.

Kapasita yenyewe si mwongo.
Viwandani, penye mota kubwa, ina kazi yake:
kuna umeme unaokwenda na kurudi bila kuvuta mzigo,
kama mlevi baina ya baa na mlango wake,
na kiwanda hutozwa zile safari.
Mita ya nyumbani haijui safari.
Inajua chai iliyochemka, nguo zilizokauka.
Usichotozwa, nani atakupunguzia?
Na ile taa ya kijani nayo inakula,
kidogo, kama panya mwenye adabu.

Haya yote nilikuwa nayo ulimini, yamepangwa,
Smaranda aliponiwekea bili mbili mezani,
Januari juu ya Desemba, akazilainisha kwa kiganja.
"Soma. Si wewe ndiye msomaji?"

Desemba: uniti mia mbili kumi na nne.
Januari: mia moja na tisa.

Karibu nusu. Hata kijana wa tai
asingethubutu kuahidi hivyo.

Nikageuka kutazama nyumba, desturi ya kazi:
namba ikianguka, tafuta kilichozimwa.
Mlango wa chumbani ulikuwa wazi.
Kitanda, upande mmoja umetandikwa, shuka limebanwa,
na kando yake, kwenye zulia, alama nne za magurudumu
pale ilipokuwa ikinguruma mashine ya oksijeni,
saa kumi kila usiku,
wati mia tatu na hamsini,
hadi tarehe thelathini Desemba.

Hesabu ilijifanya yenyewe. Sikuiomba.
Mia moja na tano.
Haikubaki hata uniti moja
ya kukipa kijisanduku.

"Basi?" alisema Smaranda. "Panteli angenuna, eh?"
"Namba zimeshuka," nilisema.
Ni kweli; zilishuka.
Akaniandalia chai, akanikatia mkate mzito kuliko ninavyoweza kula.

Tangu hapo majirani hunisimamisha chini, penye masanduku ya barua:
kinafanya kazi, kile kidude?
Hapana, nawaambia. Msinunue. Nunueni balbu nzuri, zibeni madirisha.
Mbona wa ghorofa ya nne anasema…
Ngazi ni nyingi, najibu, magoti yangu hayafiki huko.

Yalifika Machi, kurekebisha swichi.
Nyuma ya friji soketi ilikuwa tupu.
Kijisanduku kilikuwa kimehamia chumbani,
chini kabisa ukutani, juu ya zile alama nne,
taa ikiwaka mchana kutwa,
na Smaranda hakusema neno,
nami nikaizunguka nikienda kwenye swichi,
polepole, kama unavyompita mtu aliyelala.