Usisukume Bado

Miaka kumi na mmoja nilipokea watoto
wodi ya wazazi, kabla sijahamishiwa huku
kwenye chumba cha kiyoyozi kinachokohoa
na darubini inayolala chini ya kipande cha leso.

Kwa hivyo niliposikia wakisema mtoto wa jicho
sikucheka.
Kuna anayeteleza mwenyewe,
na kuna anayetanguliza matako.

Wa Bi Khuleta alikuwa wa namna hiyo.
Jicho la kulia lilikwisha kupotea, kambi ya zamani:
utando wa nyuma ulichanika, lenzi ikazama
kama kipini cha pua kisimani.
Lilibaki hili moja,
limekolea ndani rangi ya kokwa la ukwaju,
na mboni imegoma kufunguka, tone juu ya tone.

Alikuwa akishona kofia za vito, mtaa wa Langoni,
tobo kwa tobo, miezi mitatu kofia moja.
Chini ya shuka la kijani akauliza:
"Sindano namba ngapi?"
Daktari Nzaro akasita. "Nyembamba, mama."
"Nyembamba si namba."
Nikamwambia: thelathini.
Akatulia.

Daktari akachimba njia pembeni, kwenye weupe,
njia ya kujifunga yenyewe bila uzi.
Akavuta kingo za mboni kwa vikulabu vinne,
akafungua utando wa mbele,
akapenyeza maji, polepole,
mpaka jiwe likatikisika malazini pake.
Likatikisika mno.
Nyuzi zinazolishikilia zimelegea upande mmoja.
Usisukume, nikasema moyoni,
kwa sauti ile ile ya wodini. Usisukume bado.

Hakusukuma.
Alichukua sindano, akaipinda ncha kwa koleo,
ndoana isiyotosha hata dagaa,
akaiingiza kwa ubavu chini ya jiwe,
akageuza ncha juu,
akavuta.

Likatoka zima. Kahawia, limelowa,
dogo kuliko nilivyolichukia.
Nikaliweka kwenye kibakuli cha chuma,
na wakati lenzi mpya inaingia mahali pake
mkono wangu, kwa mazoea,
ulikuwa ukitafuta uzi wa kufungia kitovu.

Asubuhi nilipobandua bandeji
hakunitazama uso.
Alishika mkono wa koti langu,
akausogeza mbali kidogo, akaukaribisha, akausogeza tena.
"Upindo huu," akasema,
"nani alokushonea ovyo hivi?"