Neno Msumarini

Herufi ya Pi imemkwamia Lambrini wiki ya tatu sasa.
Neno moja: paradigma. Wenzake wa kamusi, Thesaloniki,
waliandika *mfumo wa fikra*, wakafuta,
wakaandika *miwani ambayo aliyeivaa haioni*.
Yeye aliona koti limetundikwa, ndani hamna mtu.
Akapanda meli kwenda Tino, kwa baba yake, mchonga marumaru.

Mama hulitumia neno hilo kutwa nzima sokoni:
"Paradigma, hawa dagaa wako ni wa jana,"
yaani kwa mfano tu,
na hakuna dagaa aliyewahi kushtuka.

Lakini karakanani, Frangisko akisema paradigma
hunyoosha mkono, akakishika.
Kiko msumarini: ubao wenye umbo la njiwa,
mweusi kwa jasho la viganja vya watu wanne waliokwisha kufa.
Kiolezo. Penseli hufuata ukingo wake,
patasi hufuata penseli,
na jiwe, lisilo na kauli, hufuata patasi.

Lambrini akakishusha, akapitisha kidole.
Bawa la kulia, manyoya sita. La kushoto, matano.
"Baba, hapa pamevunjika."
"Lini?"
"Sijui. Kabla yako."
Baba akavaa miwani, akaivua.

Akatoka nje. Juu ya mlango wa mwoka mikate: sita, tano.
Kisimani: sita, tano.
Kanisani, shuleni, kaburini kwa bibi yake
(hapo alipapasa mara mbili):
kijiji kizima kimeruka miaka mia, kimeelemea upande.

Ndipo akakumbuka darasa la pili.
Mwalimu mgeni alileta njiwa hai ndani ya tundu, akasema, choreni.
Yeye alichora sita kwa tano,
akakosolewa kwa wino mwekundu, akalia.
Hakujililia yeye. Alimlilia ndege,
maskini, aliyezaliwa na bawa kubwa mno.

Usiku ule Frangisko alichonga njiwa kamili, sita kwa sita,
wa dirisha la Vidali. Kazi safi, bila mkwaruzo.
Asubuhi Vidali akainamisha kichwa huku,
akakiinamisha kule.
"Ufundi upo," akasema. "Ila huyu si njiwa."

Melini Lambrini alitoa kadi ya kamusi.
Nafasi ya maana bado nyeupe.
Pembeni, bila yeye kuuagiza,
mkono ulikuwa umeshachora bawa la kushoto.
Hakuhesabu.